Daftari la madeni la Beit el Ras

Katika daftari langu la madeni hakuna jina la mtu. Kuna "wa Kengeja", "wa Makunduchi", "wa Songea", "wa Mkoani mrefu" na "wa Mkoani wa miwani". Nilianza kuandika hivyo mwaka wangu wa pili wa biashara, baada ya kuona kuwa mwanachuo hubadilisha laini ya simu na hubadilisha chumba, lakini kwao habadilishi. Ukimuuliza mtu kwao wapi, akakutajia mpaka mti uliopo mbele ya nyumba yao, basi mmeshajuana. Deni linapata pa kukaa.

Duka langu lipo Beit el Ras, njia ya Bububu, gari za abiria namba 502. Mtaa wetu umepakana na kampasi ya Nkrumah, iliyokuwa chuo cha walimu na sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha 2001. Makao makuu yake yapo Tunguu, na wapo wanaosoma kule wakalala huku kwa jamaa zao, wakiamka alfajiri kukimbilia gari mbili. Wazee hutuhadithia kuwa hapa Sultani Sayyid Said alianza kujenga kasri, akafariki 1856 halijamalizika, na baadaye mawe yake yakachukuliwa kujengea njia ya reli ya Bububu. Kila nikikumbuka habari hiyo huwaza kuwa huu mtaa tangu zamani ni wa kupita, hata mawe yake hayakukaa.

Nilihamia hapa 2009 kutoka Konde, Pemba, na mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Skuli niliishia kidato cha pili. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipigia simu wiki ya kwanza kuniuliza mtaa ukoje. Nikamwambia umejaa wanafunzi wa chuo. Akafurahi sana, akasema: "Basi mwanangu umeingia penye baraka, watoto wanasoma Kurani mlangoni kwako." Kwa wazee kama yeye chuo ni madrasa, hakuna chuo chengine. Sikumrekebisha. Na kila nilipokuwa na hasira na vijana hawa, maneno yake yalinirudia.

Sikumaliza mwaka, umeme ukakatika. Disemba 2009 ilitokea hitilafu kwenye waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara, na Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Walioishi miezi ile hawana haja ya kuelezwa. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, mafuta ya taa na mishumaa vikapanda bei kila siku. Mimi nilikuwa na karabai, taa ya mafuta ya kupiga pampu, niliyokuja nayo kutoka Pemba, nikiitundika juu ya mlango ili nipate kuuza mpaka saa nne za usiku. Usiku wa tatu akaja kijana na kitabu, akaomba ruhusa kukaa barazani. Wa nne wakaja watano. Haikufika wiki, baraza yangu ilijaa pande zote mbili, wengine wamekalia madumu yao ya maji, wengine wamesimama wameegemea nguzo, madaftari wameyainua juu kuyaelekeza kwenye mwanga. Mwanga ukififia, aliye karibu huinuka akapiga pampu mara tatu nne, akarudi kukaa. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Walikuwa wanasomea ualimu, na mwalimu hujifunza kwa kufundisha. Binti yangu alikuwa hapo hapo, amekaa juu ya gunia la mchele. Wakamfanya darasa. Huyu anamwandikia "a" kwa chaki kwenye ubao wa kaunta, yule anamuuliza hii ni herufi gani, wa tatu anaandika kwenye karatasi yake namna mwenzake alivyouliza. Akisinzia wanabishana kwa sauti ya chini kama kosa ni la somo au la mwalimu. Umeme uliporudi Machi, alikuwa anasoma jina la sabuni kwenye boksi. Mafuta ya taa ya miezi ile sijayapigia hesabu hata siku moja.

Biashara ya mtaa wa wanachuo ina msimu wake, na nilichelewa kuujua. Julai yangu ya kwanza, nimeona wateja wengi, nikenda Mwanakwerekwe nikanunua jumla: unga wa ngano, sukari, mafuta. Mitihani ikamalizika, wakaondoka kwa makundi, na mtaa ukawa kama jioni ya Sikukuu watu walipokwisha kurudi makwao. Unga ule uliingia wadudu. Tangu hapo ikifika Juni nanunua kwa wiki, na mzigo mkubwa nauleta wanaporudi, Oktoba au Novemba. Nao hawanunui kama wenye familia. Hawataki kilo, wanataka robo. Hawataki chupa ya mafuta, wanataka kipimo cha chungu kimoja. Muuza duka anayeona hilo ni usumbufu hatofika mbali hapa, na mimi naona pia hana huruma, maana anayenunua robo ya mchele anajua fika kuwa kwa kilo ni rahisi zaidi. Hana tu ya kilo.

Halafu kuna bumu, fedha ya mkopo ya wanachuo. Kwa wenye mkopo wa Bara, fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ikawa 10,000. Inakuja kwa mkupuo, ndiyo maana zamani ukisikia kijana anasema "laki tano na kumi imeingia" ulijua ni siku 60 hizo. Mimi naijua siku yake kabla ya kuambiwa. Wiki ya bumu hawanijii, wanakula chipsi kuku. Baada ya hapo naanza kuwaona: mayai, tambi, sembe na dagaa. Zikikaribia siku za mwisho ni majani ya chai, sukari robo na boflo moja wanaogawana watu wawili. Hapo ndipo daftari linafunguka. Na wapo wasiokuwa na mkopo wowote, wanaosomeshwa na karafuu za baba au mauzo ya samaki ya mjomba. Kwao hao wiki zote ni za mwisho.

Nimejiwekea mpaka: mtu mmoja asizidi elfu thelathini mpaka alipe. Mpaka huo umetokana na wa Kengeja.

Alikuwa mwaka wa tatu, mpole, mwenye kuamkia kila mtu. Akikopa anaandika mwenyewe kwenye daftari, kwa hati nzuri kuliko yangu. Deni lilifika 87,400. Akaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hakurudi. Simu haipatikani. Niliumia, na ubaya zaidi ni kwamba nilisema. Nilimtaja barazani mbele ya watu, nikasema msomi mzima kaniibia, nikayasoma madeni yake moja moja: sabuni, mchele, vocha. Miezi minane baadaye akaja mwenzake wa darasa moja kununua umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, nikamuuliza habari zake kwa maneno ya ukali. Akaniambia baba yake alianguka kutoka kwenye mkarafuu, na yule kijana ameacha chuo muhula mmoja kabla ya kumaliza, yupo nyumbani anamuuguza. Alipoondoka mteja nilikaa juu ya gunia kwa muda mrefu. Deni lilikuwa haki yangu, hilo sitalikana. Lakini heshima yake nilikwisha kuigawa barazani kwa watu wasiomjua hata kwa sura, na hiyo siwezi kwenda kuikusanya nyumba kwa nyumba. Deni lake mpaka leo halijalipwa, na ukurasa wake sijauchana. Nauacha pale nipate kuuona kila ninapofungua kitabu. Tokea siku ile hakuna mtu aliyewahi kulisikia deni la mwengine kwenye duka hili.

Wazazi nao hunipigia. Sijui namba wanaipata wapi, nadhani watoto wenyewe huwapa. Baba wa Micheweni anapiga: "Ami, mwanangu hajambo? Anakula?" Nikimwambia anakula, hufuata swali la pili: anadaiwa ngapi? Hapo jibu langu ni moja: "Mzee, deni ni baina yangu na yeye." Mama mmoja wa Makunduchi alikasirika, akaniambia yeye ndiye anayemlipia. Nikamjibu kwa adabu kuwa najua, lakini mtoto akishajua kwamba nyumbani wanaambiwa, siku ya njaa atalala na njaa yake asije dukani. Akanyamaza. Baadaye akaniletea kikapu cha maembe kwa dereva wa gari.

Kuhusu kelele sina mengi. Zipo. Spika ya geto moja iliwahi kumkosesha usingizi kizee jirani yetu, na watu wakataka polisi waitwe. Niliwachukua vijana wale watatu nikaenda nao kwa bibi mwenyewe, mchana, wakakaa chini kwenye mkeka. Hakuwagombeza. Aliwaomba wamsomee karatasi ya hospitali, dawa gani asubuhi na ipi usiku. Spika haikusikika tena baada ya saa nne, na karatasi zake zote tokea hapo walizisoma wao.

Linaloniuma mimi si kelele za wanachuo, ni tamaa ya baadhi yetu wenyeji. Chumba cha elfu hamsini, Oktoba ikifika kinakuwa cha elfu themanini, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Mtoto ndiyo kwanza kashuka kwenye boti, sanduku lipo kichwani, ataipata wapi? Mwenye nyumba mmoja hapa aliwatoa wasichana watatu wiki mbili kabla ya mitihani, kwa sababu kapata mpangaji wa kulipa zaidi. Hawakuwa wameandikiana chochote. Vyombo vyao vililala dukani kwangu, wao wakalala chumba cha binti yangu mpaka mtihani wa mwisho. Siku hizi mgeni akiniuliza chumba, namwambia mambo mawili kabla ya kumuonesha mlango: muandikiane, hata kama ni karatasi ya daftari, na mara tu ukipata chumba nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, ukajitambulishe. Wengi hudhani sheha ni mtu wa kumkimbia. Sheha anayekujua ndiye atakayesimama siku mwenye nyumba amegeuka. Na uliza maji yanatoka saa ngapi, kwa sababu kwetu yanatoka saa nane za usiku, na asiye na dumu lake mwenyewe atagombana na wenzake wiki ya kwanza.

Wa Songea nataka nimueleze vizuri, kwa sababu kwake tulikosea sote.

Alikuwa Mkristo, mara yake ya kwanza kuvuka bahari. Ramadhani ilimkuta ana miezi michache tu. Mchana wa siku ya pili akaja dukani, akanunua boflo na soda, akaifungua hapo hapo kwenye kaunta akaanza kunywa. Alifanya vile alivyokuwa akifanya siku zote. Wazee wa barazani wakamkaripia, mmoja kwa maneno mazito. Msichana aliishika chupa mkononi hajui aimalize au aiweke, macho yamemjaa machozi. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta na sikusema kitu, na najuta. Mke wangu ndiye aliyetoka. Alimshika mkono, akampitisha ndani mpaka uani, akamwekea kigoda jikoni, akamwambia: "Kaa mwanangu, ule. Hapa hakuna atakayekuona, na Mungu hakukuandikia wewe."

Basi ikawa kila siku akitoka darasani saa saba huja kula uani. Wiki ya pili akawa anarudi alasiri. Akataka kusaidia, hajui kukuna nazi, anaikamua kwa vidole badala ya kuizungusha kwenye mbuzi. Mke wangu akakaa nyuma yake, akaishika ile mikono yote miwili, wakakuna pamoja mpaka kifuu kikawa kitupu. Magharibi alikaa nasi mkekani, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, akisubiri adhana kama tunavyosubiri sisi. Aliomba asile kabla yetu. Mwaka uliofuata, Shaabani, yeye mwenyewe alikwenda vyumba vya wageni wa Bara kuwaeleza: mchana hoteli zinafungwa, usile njiani, ukiwa na njaa nenda kwa mama wa duka. Kazi ile ilikuwa yetu sisi wenyeji. Kumkaripia mgeni kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia si dini, wala si ustaarabu tunaojisifia.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona. Siku mbili tu mtaa ukawa mtupu. Wakapita na magodoro kichwani, wengine wakaniachia ndoo na majiko ya gesi, stoo ikajaa nikawa napita kwa ubavu. Daftarini mlikuwa na milioni moja na laki tatu na kitu, na hakuna hata mmoja niliyemfuata gatini. Wamerudi wakalipa wengi. Si wote. Waliokosa nauli ni vijana wawili wa Kigoma, walibaki chumbani kwao peke yao katika nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba yao, na huyu ni mtu mwema, akawaachia kodi. Mimi nikawapa mchele. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu na skuli nazo zimefungwa. Kila siku baada ya alasiri vijana wale walikuja kumsomesha hesabu barazani, ubao ukiwa kaunta ile ile, chaki zikiwa zangu za kuandikia bei. Alikuwa akiichukia hesabu. Vyuo vilipofunguliwa, yeye ndiye aliyenisaidia kupiga jumla ya daftari, na akanionesha mahali pawili nilipokuwa nimejipunja.

Mwaka 2024 alipata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, hesabu hiyo hiyo, na ualimu. Nilimsindikiza bandarini. Miaka yote nimewaona watoto wa wenzangu wakishuka kwenye gari na sanduku, nikidhani najua wazazi wao wanahisi nini. Nilikuwa sijui. Mke wangu hakupika usiku ule.

Amepata chumba na wenzake Ng'ong'ona, karibu na chuo. Mwezi wa pili nikamuuliza katika simu: duka mnalonunua ni la nani? Akacheka, akanielewa. Akanipa namba.

Nilipiga usiku, nimeshafunga. Mtu wa makamo, sauti ya taratibu. Nikajitambulisha, nikamwambia nina binti hapo mtaani kwako, katoka Zanzibar.

"Namfahamu, mzee," akasema. "Anapenda maharage, wenzake wanapenda nyama. Hajambo kabisa."

Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema anakula. Daftari langu lilikuwa mbele yangu kwenye kaunta, kalamu juu yake. Nikamuuliza anadaiwa ngapi, nimtumie sasa hivi kwenye simu.

Akanyamaza kidogo.

"Hilo, mzee," akasema, "tuachie mimi na yeye."